Wigi la Upande Mmoja

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kutafakari kwa kina, ninayo furaha kuutangazia umma wa Kariakoo, Mchafukoge, Ilala, Magomeni na wote wapitao njia kwamba nyumba ya Mzee Bakili imejaliwa Mrithi. Jina lake limeandikwa serikalini. Picha yake ndogo, yenye mandhari ya bluu kama inavyotakiwa, imebandikwa kwenye faili. Wote wasimame.

Mrithi mwenyewe hakusimama. Saa hiyo alikuwa amelala kwenye benchi la kahawa, kona ya Mtaa wa Mchikichi, mdomo wazi, ganda la karanga limenasa kwenye ndevu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, jina lake Ridhiwani, na kitu alichotakiwa kurithi ni ufundi wa kutengeneza wigi.

Nieleze, maana mambo ya serikali yanataka maelezo.

Mzee Bakili na mkewe Zulekha wana fremu ya duka la wigi hapo Mchikichi, fremu yenye upana wa kitanda cha watu wawili wasiogombana. Wao wanauza. Anayetengeneza ni Mama Kapinga, mwanamke wa Lubumbashi, ambaye hufunga nywele moja moja kwenye wavu kwa sindano yenye ndoano ndogo kuliko jino la panya. Wigi lake ukilivaa, mama yako mzazi atakuuliza lini nywele zimerefuka. Kuna mwalimu mmoja wa Ilala ambaye dawa za hospitali zilimmaliza nywele zote. Alitoka kwenye fremu ile, akarudi kujitazama kwenye kioo, akatoka, akarudi tena, mara ya tatu akasahau mkoba. Mama Kapinga akiondoka, kinachobaki kwenye fremu ni kioo na feni.

Sasa mgeni hafanyi kazi nchini kwa sababu tu ana mikono. Mwajiri humwombea kibali, hueleza kwa nini kazi hiyo hakupatikana mzawa wa kuifanya, kisha hutaja mzawa gani atafundishwa, ili siku mgeni akirudi kwao ujuzi ubaki. Miaka miwili iliyopita Mzee Bakili alifika kwenye nafasi hiyo ya fomu akiwa amesimama dirishani, foleni nyuma yake inakohoa kwa makusudi. Ridhiwani, kaka yake Zulekha, alikuwa amemsindikiza kwa ahadi ya chipsi mayai. Ndiye pekee aliyekuwa na kitambulisho mfukoni. Basi akaandikwa yeye, wakaenda kula chipsi, na tangu siku hiyo benchi zima la kahawa likamwita Mrithi, naye akaitika kama mtu anayesubiri kiti cha usultani.

Kibali kilikuwa kinaisha mwezi huu. Maombi ya kuongeza muda yalikuwa yamekwisha pelekwa. Nyumba nzima ilikuwa inasubiri jibu huku ikijifanya haisubiri.

Katika nyumba hiyo, ghorofa ya tatu kule Mchafukoge, alikuwapo pia binti mmoja, Mwanamkuu, wa kidato cha tatu, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Binti mtulivu, mwenye adabu, asiyependa makuu. Hana nafasi kubwa katika hadithi hii na sitamtaja sana.

*

Jumanne asubuhi ilikutwa bahasha imepenyezwa chini ya geti la fremu. Aliyeiokota ni Mwanamkuu, ambaye siku hiyo aliwahi kufika kwa sababu ya kupenda kazi.

"Baba, shikamoo. Kuna barua ya serikali," alisema, uso umejaa majonzi yanayostahili.

"Marahaba. Weka hapo." Mzee Bakili alikuwa ameinama anaangalia ndala yake. "Panya wa ghorofani kwetu sasa wanakula mpira. Ona hiki kisigino! Tundu limetoboka mpaka chini."

Zulekha alichungulia. "Panya gani anakata duara?"

"Panya wa mjini, Mama Mwanamkuu. Wamesoma."

Kisha akafungua bahasha, na suala la panya likaisha hapo. Barua ilikuwa na muhuri wa zambarau, nayo ilisema:

*YAH: UKAGUZI WA MRITHI WA UJUZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unaagizwa kumtoa Mrithi wako, Ndugu Ridhiwani, siku ya Ijumaa saa nne kamili asubuhi, hapo hapo katika fremu yako, ili apimwe iwapo ujuzi umemwingia. Awe amenawa. Asinuke kahawa. Kushindwa kutekeleza agizo hili kutasababisha mambo.*

"Mambo gani?" Zulekha aliuliza.

"Hawajataja. Ndiyo mabaya hayo." Mzee Bakili alipangusa paji la uso. "Na wanajua mpaka kahawa!"

"Serikali ina macho, Baba Mwanamkuu."

Mama Kapinga alikuwa kwenye kiti chake, mbele ya kichwa cha turubai kilichovishwa wavu. Hakuinua uso. "Kama iko lazima niende," alisema kwa Kiswahili cha kwao, "muniambie mbele. Kuko maharusi tisa. Siwezi kuacha mutu na wigi ya nusu."

"Hakuna anayeondoka!" alisema Mzee Bakili, kwa sauti ya mtu ambaye hana hakika. "Mwanamkuu, kimbia kamwite mjomba wako. Mwambie aje na vidole vyote."

*

Ridhiwani aliletwa akiwa bado ameshika kikombe.

"Shemeji, mimi ni mrithi wa heshima," alijitetea. "Kama vile mwenyekiti wa heshima. Yule haendi vikaoni."

"Soma hapa."

Akasoma. Alipofika kwenye kahawa alikiweka kikombe chini polepole, akakisukuma kwa mguu mpaka chini ya meza ya jirani anayeuza chaja.

"Dada," alimwambia Zulekha, "niandikieni naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Chochote chenye siku tatu."

"Utakaa hapo," Zulekha alisema, "na utajifunza. Huyu mama ametulisha miaka miwili. Ndoa tatu za mtaa huu zimefungwa kwa wigi zake. Ukimfukuzisha kwa uvivu wako, wallahi nitakwenda mwenyewe kwenye hilo benchi nikalichome."

Wakamvisha miwani ya kusomea ya Zulekha, yenye fremu ya waridi na kito kimoja kimeanguka. Wakamkalisha mbele ya kichwa cha turubai. Habari zilikwisha fika kwenye benchi la kahawa, na wenzake wawili wakaja kusimama ng'ambo ya njia, mikono kifuani, kama watu waliokata tiketi.

"Mrithi! Uniwekee nywele na mimi!"

"Mrithi, hiyo miwani ya harusi au ya msiba?"

Ridhiwani akatoa jasho mpaka kito kilichobaki kikaanguka.

"Leta kidole," Mama Kapinga alisema. "Shika nywele moja. Moja, Ridhiwani, ile iko tatu. Kunja. Ingiza ndoano. Sasa vuta polepole, hapana kama kamba ya mbuzi."

Hapa msimulizi analazimika kusimulia jambo ambalo hata yeye hakulitarajia. Ridhiwani alivuta. Fundo likakaa. Akafunga la pili, likakaa. Kufikia adhuhuri alikuwa amefunga mstari mzima, mafundo madogo yaliyonyooka kama mchanga uliopigwa rula, na Mama Kapinga alikuwa ameacha kazi yake anamtazama.

"Nani alikufundisha wewe?"

"Hakuna." Ridhiwani aliona haya. "Nilikuwa kipa, timu ya kata. Tulikuwa tunafungwa sana. Mpira ukiingia kwa nguvu wavu unachanika, na aliyefungwa ndiye anashona. Nilikuwa nashona kila Jumatatu. Msimu wa mwisho nilishona na Jumanne."

Wale wawili wa ng'ambo ya njia wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ridhiwani hakugeuka. Alikuwa amekwisha chukua nywele nyingine.

*

Jumatano jioni Mzee Bakili aliiona kazi ile, akafurahi kwa muda wa kama dakika moja. Kisha akakaa chini.

"Tumekwisha," alisema.

"Tumekwisha vipi na mtu anajua?" Zulekha aliuliza.

"Ndiyo maana tumekwisha! Sikiliza." Akahesabu kwa vidole. "Ijumaa anakuja afisa. Akikuta shemeji hajui kitu, atasema: miaka miwili mlikuwa mnafanya nini? Kibali hakuna. Akikuta anajua yote, atasema: mzawa kashaweza, mgeni wa nini tena? Kibali hakuna."

Zulekha akarudia kuhesabu kwa vidole vyake mwenyewe. Hata Mwanamkuu, ambaye alikuwa anachambua nywele pembeni huku ameuma midomo kwa sababu zake, aliacha kuuma. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Kwa hiyo?" Zulekha aliuliza.

"Kwa hiyo ajue nusu."

"Nusu ya nini, Baba Mwanamkuu?"

"Nusu! Nusu ni nusu!" Akachukua futi kamba ya kupimia vichwa na chaki ya fundi cherehani wa mlango wa pili. Akapima kichwa cha turubai kutoka sikio hadi sikio, akagawa kwa mbili, akachora mstari kutoka paji mpaka kisogo. "Shemeji, wewe unajua mpaka hapa. Kushoto unajua. Kulia hujui. Ukivuka huu mstari umetuua."

"Lakini shemeji, mkono ukishajua…"

"Mkono usijue!"

Basi Alhamisi asubuhi Ridhiwani alifunga upande wa kushoto. Alifunga kwa mapenzi. Nywele zilianguka kutoka mstarini hadi begani, nyeusi, laini, zinacheza na upepo wa feni. Kulia pakawa peupe kama goti. Kichwa kile ukikitazama kwa ubavu mmoja kilikuwa bi harusi. Ukizunguka, kilikuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Mama Kapinga alikitazama mara moja, akageuka. Ila Mwanamkuu, alipoinama kuokota uzi, aliliona chini ya meza begi la plastiki lenye miraba, limejaa, zipu imefungwa. Juu yake ilikuwa imewekwa sindano yake ya ndoano, imeviringishwa kwenye kitambaa.

Binti yule mtulivu aliinuka. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akaenda kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

*

Aliyeharibu mpango ni Zulekha, kwa sababu ya ugonjwa wake wa kusema kweli. Alhamisi hiyo hiyo, bila kumwambia mumewe, alivaa baibui jipya, akachukua barua, akaenda ofisi ya vibali. Alitaka kuuliza swali moja tu: huo mtihani unapimwa vipi, ili wasidanganye zaidi ya inavyotakiwa.

Alikaa kwenye foleni kwa saa mbili. Mbele yake kulikuwa na mwajiri aliyekuwa anamwombea kibali mpishi, na alisema neno "mpishi" kwa sauti kubwa kila mara ili mpishi mwenyewe, aliyekaa kando yake, asidhaniwe kuwa ndiye bosi. Zamu ya Zulekha ilipofika alikutana na afisa, Bi Candida, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo na wigi fupi la kahawia lililoegemea kulia kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Bi Candida aliisoma barua. Akaisoma tena. Midomo yake ilicheza mahali palipoandikwa "kutasababisha mambo".

"Mama, hii haikutoka hapa."

"Haikutoka?"

"Sisi tukitaka kukagua, hatuandiki 'asinuke kahawa'. Na huu muhuri hauna jina la ofisi. Unasema OFISI tu."

Zulekha alishika meza. Alikuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja. "Kwa hiyo Ijumaa hakuna ukaguzi?"

"Ijumaa hakuna." Bi Candida alivuta faili, akalifungua, akatazama ile picha ndogo ya Ridhiwani kwa muda. "Lakini maombi yenu yako mezani kwangu kweli. Na sasa nina hamu. Huyu mrithi yuko wapi saa hizi?"

"Yuko… kazini," Zulekha alisema, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili haikuwa uongo.

Bi Candida alichukua mkoba wake. "Twende."

*

Mzee Bakili alimwona mkewe anakuja na mwanamke mwenye faili, akajua. Alikuwa amevaa msuli, fulana ya kampeni ya zamani na ndala zenye tundu. Alijaribu kujificha nyuma ya kichwa cha turubai, lakini upande aliojificha ulikuwa ule usio na nywele.

"Karibu afisa! Tulikutegemea kesho!"

"Mimi ni wa leo," alisema Bi Candida. "Ndugu Ridhiwani ni nani?"

Ridhiwani alisimama. Alikuwa amenawa. Hakunuka kahawa. Ng'ambo ya njia benchi zima lilikuwa limehamia, na mmoja alikuja na kikombe chake.

Bi Candida aliushika upande wa kushoto, akaupitisha vidole, nyusi zikapanda. Akazunguka. Nyusi zikashuka.

"Huu upande wa kushoto?"

"Huo nimefundishwa."

"Na huu?"

"Huo bado."

"Umefundishwa kushoto tu?"

"Tunaenda kwa awamu," Ridhiwani alijibu, akimtazama shemeji yake, ambaye alitikisa kichwa kumpa moyo.

"Kwa miaka miwili umefika katikati ya kichwa?"

"Kichwa ni kikubwa, afisa."

"Hebu nisaidie. Mtu anajuaje kufunga fundo hapa, asijue kulifunga hapa, kidole kimoja pembeni?"

Ridhiwani alitoa macho. Swali hili halikuwamo katika maandalizi. "Huku… nywele zinalalia upande mwingine. Ni lugha nyingine kabisa."

Ng'ambo ya njia pakalipuka. "Mrithi wa nusu! Nusu kipa, nusu fundi!" "Muulize na magoli, alikuwa anazuia ya kushoto tu!"

Nadhani angevumilia yote. Miwani ya waridi aliivumilia. Lakini kile kichwa kilikuwa kitu cha kwanza kizuri alichowahi kukifanya kwa mikono yake mwenyewe, na sasa kilikuwa kinachekwa kwa sababu ya chaki ya Mzee Bakili. Akavuta kiti. Akashika ndoano. Mbele ya macho ya afisa, ya dada yake na ya benchi zima, akavuka mstari.

"Shemeji!" Mzee Bakili alinong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka kituo cha bajaji.

Fundo, fundo, fundo. Mstari wa kulia ukajaa, umenyooka kama wa kushoto. Kelele za ng'ambo zikafifia, kisha zikakoma.

"Kwa hiyo unajua," Bi Candida alisema.

"Najua! Najua yote! Nimejua tangu juzi!"

"Tangu juzi?"

Ridhiwani akasita. "Jumanne, afisa. Mchana."

"Na ile miaka miwili?"

Alitazama chini. Angeweza kudanganya, ndoano ilikuwa bado mkononi, na nadhani ndiyo iliyomzuia. "Nilikuwa benchini, afisa. Lile pale."

Mzee Bakili alijishika kichwa. Hofu zake mbili alikuwa amepanga kuziepuka zote, na sasa zimemfika kwa pamoja: mrithi hakufanya kitu miaka miwili, na mrithi anajua kila kitu.

Bi Candida alivaa miwani, akafungua faili. Hakuwa na hasira, na hilo lilitisha zaidi. "Mzee wangu, niambie wewe. Kama kazi hii mzawa ameijua kwa siku mbili, mgeni ninamwongezea muda wa nini?"

Feni ilizunguka. Mama Kapinga aliinuka, akainama chini ya meza, akalivuta lile begi la miraba mpaka mbele ya watu wote. Alilishika mpini. Kisha akamtazama Bi Candida, si usoni bali juu ya uso, na uso wake mwenyewe ukakunjamana kama wa mtu aliyeona mtoto amevalishwa viatu kinyume.

"Madame," alisema, "ile wigi inakuumiza kichwa. Saa kumi, kila siku. Huku, ya kuume."

Bi Candida aliacha kuandika. "Saa kumi?"

"Saa kumi. Ukifika nyumbani unaitupa."

Afisa alimgeukia Ridhiwani. "Wewe unaona nini hapa kichwani kwangu?"

Ridhiwani alimzunguka mara mbili, mikono nyuma. "Naona ni nzuri, afisa. Rangi imekutoa."

"Basi?"

"Na… iko juu."

"Mama," Bi Candida alimwambia Kapinga, "kwa ajili ya ukaguzi tu. Endelea."

Mama Kapinga aliliacha begi. Aliweka viganja viwili juu ya kichwa kile cha serikali, akafumba macho. Vidole vyake vilitembea taratibu, vikasimama nyuma ya sikio la kulia.

"Hapa iko kovu ya zamani. Ulianguka wakati uko mutoto. Ule mutu alipima wavu juu ya kovu, akakaza. Mufupa iko inasukumwa siku nzima. Wigi haina kosa. Kosa iko ya kupima."

"Ngazi," alisema Bi Candida kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa ya ofisini. "Ngazi za bweni. Kidato cha pili, nakimbia matroni." Kisha akajirekebisha, akakohoa. "Huo ujuzi umechukua muda gani?"

"Mama yangu alinifunza miaka kumi na mbili. Alisema bado."

"Hapana, usinitengenezee," Bi Candida alisema haraka, maana Mama Kapinga alikwisha chukua sindano. "Mimi niko kazini. Siku nyingine nitakuja kama mteja, mambo haya yakishaamuliwa, na nitapanga foleni." Akaandika, huku akisoma kwa sauti: "Kufunga nywele, mrithi ameweza. Kupima kichwa, mrithi hajui hata pa kuanzia. Ninapendekeza mgeni aongezewe muda. Mrithi akae ndani ya fremu, si benchini." Akaifunga kalamu. "Uamuzi si wangu peke yangu. Lakini niliyoyaona nimeyaandika, na nitakuwa napita. Bila barua."

Mzee Bakili hakusubiri zaidi. Alianguka sijida ya shukrani pale pale mlangoni, bila hata kukumbuka kuvua ndala.

"Tukizungumzia barua," Bi Candida alisema, na sauti yake ikakatika. Alikuwa anatazama chini, kwenye kisigino cha Mzee Bakili, kilichokuwa kimeelekezwa kwake chote.

Aliinama. Akaitoa ile barua kwenye faili, akauweka muhuri wa zambarau juu ya tundu la ndala. Duara likakaa kwenye duara. Hata pale kwenye ukingo ambapo kisu kiliteleza kikaacha pengo dogo, muhuri ulikuwa na pengo, na ndala ilikuwa na pengo.

"Sisi tulikuwa tunachonga mihuri ya ruhusa ya kutoka," alisema taratibu. "Kwa ndala. Wino wa kalamu na mate kidogo." Akanyoosha mgongo. "Nani humu ndani anasoma bweni?"

Wote wakageuka. Kwenye kona alisimama Mwanamkuu, binti mtulivu, mwenye adabu, asiyependa makuu, ameshika ufagio kama mtu anayetaka kuupanda aondoke nao.

Basi. Ni mimi.

*

Ndala niliikata mimi, Jumatatu, Baba alipokuwa msikitini. Panya sisingizii tena. Barua niliiandika mimi, na neno "mambo" nililiona zuri sana wakati ule. Ya ofisini nilisimuliwa na Mama. Ya moyoni mwa Baba nimejibunia, naomba radhi. Nilichoka kumwona Mjomba analala kwenye benchi huku jina lake liko kwenye faili la Mama Kapinga. Nilitaka atoke jasho siku tatu, halafu Ijumaa saa nne nitokeze niseme ni utani, tucheke.

Nilisema hayo yote pale pale, mbele ya afisa. Mjomba alicheka, hata Bi Candida aligeukia ukutani mabega yakamtikisika kabla hajanisomea ukali wa sheria kuhusu mihuri, na ulikuwa ukali kweli. Baba alisimama akiwa na vumbi kwenye paji, akatafuta ndala ya kunipigia, akaona ina tundu, akachukua ile nyingine.

Mama Kapinga hakucheka. Alikuwa amepiga magoti, anafungua zipu ya begi, anatoa nguo moja moja na kuzirudisha kwenye rafu.

Lipo moja sijawaungamia Baba, Mama na Mjomba. Begi nililiona asubuhi. Ningesema wakati ule, angelifungua wakati ule. Nilikaa kimya kwa kuogopa ndala, na kwa sababu, Mungu anisamehe, lile wigi la upande mmoja lilikuwa linachekesha mno, nikataka nione mwisho wake.

Adhabu yangu ni kuchambua nywele likizo yote, nikikaa kati ya Mjomba, anayeitwa sasa Fundi na hajibu akiitwa Mrithi, na Mama Kapinga. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu nilimwambia kuhusu begi, kwa sauti ndogo, nikiwa nimeinamisha macho kwenye nywele.

Aliweka sindano chini, akaniwekea viganja viwili kichwani, akafumba macho. Vidole vikatembea, vikasimama, vikatembea tena. Nikasubiri aseme amegundua nini.

"Kichwa iko kikubwa," alisema mwishoni, na kunirudishia fungu la nywele. "Nafasi ya kuweka kitu iko mingi."